Ziara ya Baiskeli Bila Magari, Mwongozaji Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamka na wazo. Mke wangu husema mimi nikiamka na wazo, yeye huamka na kichwa kinachomuuma. Lakini hili si kama lile la kufuga nyuki kwenye roshani. Hili ni la kweli.

Ni hivi. Nyuma ya mji wetu kuna njia ya reli ya zamani. Reli ziling'olewa, kokoto zikashindiliwa, na sasa ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu tu, kilomita kumi na mbili. Gari haliruhusiwi, hata la harusi. Na inapita katikati ya mashamba ya mizabibu, likiwemo la baba mkwe. Zabibu zimeiva. Watu wamechoka na honi. Nani hataki kwenda taratibu, kushoto zabibu, kulia zabibu, na mwisho wa safari akaonja divai kivulini?

Nimeandika tangazo na kulibandika kliniki, duka la mikate na kwa kinyozi. Ziara ni Jumamosi. Mwongozaji ni mzoefu.

Mwongozaji mzoefu ni mimi.

Kuna jambo dogo ambalo siwezi kuliandika pengine popote ila humu. Sijui kuendesha baiskeli.

Jumanne, 4 Machi

Ngoja nijieleze, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilipokuwa na miaka saba nilianguka na baiskeli ndani ya ua wa miiba, nikaapa sitapanda tena. Mpaka hapo si kosa. Kosa ni kwamba nilipokuwa nikimchumbia mke wangu nilimwambia nilikuwa bingwa wa mbio za baiskeli shuleni. Kwa nini? Alikuwa amevaa gauni la kijani, na mdomo wangu ukaenda peke yake. Huu ni mwaka wa kumi na tisa wa ndoa. Kila baiskeli ikitokea, nina sababu. Mgongo. Suruali mpya. Jua kali.

Alasiri nikaenda kumwomba baba mkwe ruhusa ya kupitisha wageni shambani kwake. Alinisikiliza bila kuacha kazi, akikata vichala kwa mkasi na kuvilaza kwenye kreti kama watoto wachanga. Nilipomaliza akasema ruhusa ipo, ila kwa sharti. Mwaka jana wageni walipita wenyewe, wakachuma walivyotaka na kuvunja matawi. Kwa hiyo mwongozaji atangulie mbele, juu ya baiskeli, na asimruhusu mtu kuingia kwenye mistari. Mzabibu mmoja tu ukiumia, nitaacha mawazo yangu yote na kuingia bandani kuosha mapipa msimu mzima, chini ya shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anasimamia banda la kukamulia zabibu, na hunitazama kama chupa yenye ufa. Alikuwapo, akajitolea kuwaongoza wageni yeye, kwa kuwa huja kazini kwa baiskeli kila siku. Nikamshukuru. Nikamwambia bingwa hahitaji msaidizi.

Huu ulimi wangu utanizika.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza mazoezi ya siri. Ghala la mapipa la baba mkwe, saa saba mchana, wafanyakazi wako kwenye chakula. Baiskeli ya shemeji imeegemezwa mlangoni, haina kufuli. Nikasema ni ishara.

Mpango ulikuwa wa kisomi. Ghalani mapipa yamesimama safu mbili, katikati pana uchochoro. Nakaa juu ya kiti, nashika pipa la kulia, najivuta, nashika la kushoto, najivuta. Nikichoka kushika, nitakuwa nimeshajua. Mapipa manne ya kwanza yalinipokea vizuri. Nilianza hata kupiga mluzi. La tano lilikuwa tupu.

Shemeji alipoingia alinikuta chali, baiskeli yake kifuani, pipa likiendelea kuviringika kuelekea nje. Nikamwambia nilikuwa namkagulia breki. Akauliza kama siku hizi breki hukaguliwa kwa mgongo. Nikamjibu kwamba za aina ile, ndiyo. Akaichukua baiskeli yake. Kesho ataifunga kwa mnyororo, nina hakika.

Goti limevimba. Nyumbani nikasema nimegongwa na mlango. Mke wangu ni fundi cherehani, hujua nguo kuliko mwenye nguo. Aliitazama suruali yangu, akatazama alama ya meno ya mnyororo yenye grisi iliyochapwa mguuni, kisha akailoweka kwenye beseni. Hakuuliza ni mlango gani una mnyororo.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni watatu wamejiandikisha. Nesi mstaafu. Mumewe, aliyekuwa mwalimu wa jiografia. Na kinyozi, ambaye anasema amelisoma tangazo langu ukutani kwake mara nyingi mno hadi limemshinda nguvu. Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu nikakumbuka mwongozaji ni nani.

Nikaenda kwa fundi baiskeli kuazima baiskeli. Anazo nne nzuri. Akaniambia nizijaribu. Nikayagonga matairi kwa kidole kama daktari anayegonga kifua, nikatikisa kichwa, nikasema zinafaa, nazichukua zote nne.

Ndipo nikaliona! Nyuma ya karakana, chini ya turubai: baiskeli ya magurudumu matatu, yenye sanduku kubwa mbele, iliyokuwa ya muuza aiskrimu. Magurudumu matatu. Haianguki. Haiwezi kuanguka hata ukiiomba.

Nikamwambia fundi ninaihitaji kwa ajili ya kubeba mizigo ya wageni. Yeye akaanza kucheka, kisha akaona sicheki, akanipa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya fahari. Nimezunguka uwanja wa nyuma ya nyumba mara kumi na moja. Nimepinda kushoto. Nimepinda kulia. Nimeinua mkono mmoja. Sanduku bado limeandikwa VANILA NA STROBERI, lakini nimelifunika kwa kitambaa cha mezani.

Shemeji alipita akauliza bingwa wa mbio anatafuta nini kwenye mkokoteni wa aiskrimu. Nikamweleza, kwa upole wa mtu mkubwa, kwamba kiongozi huwaza kwanza mizigo ya watu wake. Akaenda zake. Nimelala mchana saa moja nzima kwa raha.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa mbili asubuhi tulikutana mwanzo wa njia. Hewa safi, zabibu nyeusi pande zote mbili, hakuna gari wala honi. Nikawahutubia wageni. Nikasema hapa ndipo mtu anapouachia moyo wake upumue. Nesi akapiga makofi. Nikapanda, nikakanyaga pedali, nikaongoza msafara.

Mita sita.

Mwanzoni mwa njia kuna nguzo mbili za chuma. Zimesimikwa hapo ili gari lisipite. Nimeziona maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza zimeachana kiasi gani. Baiskeli inapita, mtu anapita, hata mbuzi aliyeshiba anapita. Sanduku la aiskrimu halipiti. Liliingia nusu, likakwama, na kitambaa cha mezani kikaanguka.

Tulivuta. Tulisukuma. Mwalimu wa jiografia alipima upana kwa shubiri zake, akatangaza kwamba kwa maoni yake hapo ni njia nyembamba kati ya mabara mawili. Mwishowe tukalichomoa kwa kurudi nyuma. Kinyozi akasema basi nipande ile baiskeli ya nne, ya akiba. Nikasema sitaki kuwakimbiza, nitaikokota ili niwaeleze zabibu kwa karibu.

Kwa hiyo ziara ikaendelea hivi: mimi mbele nikitembea, wageni nyuma wakiendesha kwa mwendo wa konokono, wakiyumba kwa sababu baiskeli haikai wima ikienda polepole kiasi hicho. Hilo sikulijua. Mwalimu alianguka mara mbili. Kilomita ya pili nilikuwa nimemaliza kila ninachojua kuhusu zabibu, nimebaki kusema hii ni zabibu, na ile pia.

Nesi akashuka. Akaja akatembea kando yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo bila shaka alikuwa akiwaulizia wagonjwa:

“Mwanangu, hujui kuendesha, sivyo?”

Miaka kumi na tisa yote ya uongo, na mtu wa kwanza kuniuliza nilimjibu ukweli mara moja. Nikasema, “Sijui, mama.”

Hakucheka. Akanikalisha juu ya kiti, akashika nyuma ya kiti kwa mkono mmoja na ukosi wa shati langu kwa mwingine. Akaniambia nitazame mbali, nisitazame gurudumu. Kisha akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na nane, viatu vya kufunga kamba, huku mumewe na kinyozi wakitufuata wakihesabu hatua. Njia ilikuwa na mteremko mdogo. Nikasikia upepo masikioni. Nikasema, usiniachie mama. Sauti yake ikanijibu kutoka mbali sana.

Nilikuwa naendesha! Mimi! Zabibu kushoto, zabibu kulia, machozi usoni, na wala si ya uchungu.

Mbele nikawaona baba mkwe, shemeji na mke wangu wamesimama kwenye kona ya shamba kuupokea msafara. Baba mkwe aliinua mkono kunisalimia. Nami nikagundua kwamba somo la kusimama hatukulifikia.

Niliwapita. Nikaingia mstari wa tatu. Nguzo moja ya kushikilia nyaya ililala, ya pili ikaifuata, na mizabibu minane ikaja chini pamoja nami kama pazia.

Nilipotoa kichwa kwenye majani, wa kwanza kufika alikuwa mke wangu. Alinipapasa mikono, shingo, mbavu, kisha akakaa chini pale pale kwenye udongo. Baba mkwe hakunitazama kabisa. Alikuwa ameshapiga magoti anainua tawi. Nesi akamwomba mkasi. Vichala vilivyoanguka visingoje, akasema, na wageni wote watatu wakaingia kazini, wakakata na kupanga kwenye kreti hadi adhuhuri, shemeji akiwafundisha. Kinyozi ana mkono mwepesi sana. Baadaye walionja divai wakiwa wamejaa maji ya zabibu hadi viwiko, na wakauliza kama mwaka kesho nitaanguka tena.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe ametimiza neno lake. Mapipa yananingoja kesho.

Baada ya chai nikapiga moyo konde, nikamwambia mke wangu kwamba sikuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote. Alikuwa anatia kiraka kwenye suruali ile. Akakata uzi kwa meno kwanza.

“Ile siku ulipokuja kunisalimia ulikuwa unakokota baiskeli ya kuazima,” akasema. “Pedali zilikupiga muundi mara tatu kabla hujafika mlangoni. Mtu anayejua baiskeli hakokoti hivyo.”

Nikamuuliza basi kwa nini alikaa kimya miaka yote hii.

“Nilisema, huyu amekokota chuma kutoka kwao mpaka hapa ili nimwone tu. Nikakupenda kwa hilo. Ya ubingwa nilikuachia useme mwenyewe siku utakayochoka.”

Nikashika upande wa pili wa kitambaa ili asipate taabu ya kushona. Nikamwahidi: sitajitangaza tena kwa kitu nisichokiweza. “Haya,” akasema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeosha mapipa tisa. Ndani ya pipa mtu huwaza vizuri, hakuna kelele. Shemeji ameniazima mabuti yake, akasema kwamba kwa mtu aliyepindua mistari ya baba, nasugua vizuri.

Nikiwa ndani ya pipa la saba ndipo lilipokuja. Wako wangapi katika mji huu, watu wazima wenye heshima zao, wasiojua baiskeli na wanaoona haya kusema? Na nani anawaelewa kama mimi? Shule ya Baiskeli kwa Watu Wazima. Mwalimu mkuu nitakuwa mimi. Nimeendesha mita arobaini bila kushikwa, ushahidi upo, mashahidi wapo.

Darasa la kwanza ni Jumamosi ijayo. Kupanda, kukaa wima na kutazama mbali nitawafundisha mara moja. Somo la kusimama tutaliweka muhula wa pili, ili nami nipate muda wa kujifunza.