Saa ya Dhahabu Chini ya Wikio

Mwaka ule wa hamsini na nne, saa ya dhahabu ilishuka gatini Lamu ikimburuta mtu nyuma yake. Ndivyo alivyoona Wazir, asiye na kazi ila ulimi. Mtu mwenyewe alikuwa Bwana Gharib, tajiri wa Mombasa, mwenye uchu wa vitu vya kale.

"Karibu, Bwana! Mji huu bila mwenyeji utaona kuta tu."

Akamtembeza vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Kila daka, kibaraza cha mlangoni, likawa la sultani, kila msumari wa Mreno. Mbele ya nyumba ya mjane Bi Mwanamkisi akanong'ona, "Humu, chini ya birika la kuogea, mna kasha la dhahabu. Hakuna ajuaye ila mimi." Na kweli, hata yeye alilijua dakika ile ile.

"Lauzwa?" Gharib macho yamemtoka.

"Kasha, la. Lakini sahani iliyokuwa juu yake ninayo."

Akatoa sahani ya dukani, aliyoifukia mchangani mpaka ikazeeka. Gharib akavua saa, akampa, akakimbilia gatini na sahani kwapani, asije mjinga yule akazinduka.

Sasa, wanaume wa Lamu wana adabu moja: hawainui macho wapitapo chini ya wikio, kile kidaraja kiungacho nyumba na nyumba juu ya kichochoro, ndia wapitayo wanawake. Adabu njema, ila humsahaulisha mtu kuwa juu mna masikio; na nyumba ya Bi Mwanamkisi ina wikio lake.

Wazir alikuwa bado akiibusu saa, mlango wa mjane ukafunguka upenyo.

"Bwana Wazir!" Sauti yalia. "Nani alokwambia siri ya marehemu mume wangu?"

"Siri gani, Bi?"

"Ya kasha. La chini ya birika."

Wazir akausogelea mlango. Kumbe uongo wake ulizaliwa ukiwa kweli!

"Litwae ukaliuze," akasema Bi Mwanamkisi, "lanikosesha usingizi. Ila niwekee amana, hata uniletee fungu langu."

"Amana gani?"

"Hiyo ing'arayo mkononi."

Fungu? Kurudi? Wazir aliipenyeza saa mlangoni, akapewa kasha zito, akatoka nalo mbio mpaka nje ya mji. Akavunja kufuli.

Mavi ya punda. Ya yeo yeo, bado mabichi.

Tangu hapo, apitapo Mkomani huinama kuliko wenye adabu wote. Na juu ya kichwa chake husikia:

"Ati, Bi Mwanamkisi, saa ngapi?"

"Ngoja kwanza, shoga. Mwenyewe apita."