Matango ya Mke Wangu na Chupa ya Shemeji

Jumanne, 3 Juni
Matango yanaumwa. Kasema shemeji, mdogo wa mke wangu, mtu wa maabara, baada ya kugeuza jani moja tu. Unga mweupe ule si vumbi, ni ukungu. Nami nimekuwa nikiupangusa kwa kitambaa kimoja, mmea hadi mmea. Kumbe nausambaza. Mke wangu yuko hospitali, kapasuliwa tumbo, anarudi Jumamosi. Jioni kaulizia matango kabla ya kuniulizia mimi. Nikamwambia yananawiri.

Jumatano, 4 Juni
Shemeji kaleta chupa ya bakteria. Eti ni askari wetu: hutoa mafuta yaliyoungana na kipande kifupi cha protini, nayo hujipenyeza kwenye utando wa seli za ukungu na kuutoboa. Ukungu unavuja mpaka unakufa. Nikauliza mbona inanuka soksi. Akajibu, shem, wewe nyunyiza tu, ubunifu weka kabatini.

Alipoondoka nikawaza. Bakteria, kwenye nyumba anayorudi mtu mwenye mshono? Thubutu. Nikaichemsha. Ikatoa povu kama sabuni. Ilipopoa nikanyunyiza, hadi chini ya majani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimempigia shemeji, nikazunguka mbuyu: bakteria wakichemshwa wanakuwaje? Wanakufa, akasema, kwani ni viazi? Nikakata simu. Nimeua jeshi zima.

Mpango mpya: nimenunua matango sokoni, nikayafunga kwa uzi kwenye mimea. Jirani kachungulia juu ya ukuta, kanipongeza kwa mavuno ya ghafla.

Jumamosi, 7 Juni
Karudi. Kaenda bustanini kabla ya kitandani, kaniegemea begani, mwepesi kuliko alivyoondoka. Akashika tango. Mume wangu, akasema taratibu, hili limefungwa fundo la kiatu. Ndipo akageuza jani: unga umekauka, majani machanga safi.

Nikakiri yote mbele ya shemeji. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe silaha, yale mafuta, ilishatengenezwa ndani ya chupa, na haiogopi moto. Ila bila askari hai hakuna wa kutengeneza nyingine, ukungu utarudi. Mke wangu hakucheka. Aliuliza nilichemsha kwa nini. Nikamwambia, kwa ajili ya mshono. Hakuuachia mkono wangu hadi ndani.

Jumapili, 8 Juni
Chupa mpya inakuja kesho saa tatu. Shemeji kakataza kuchemsha. Sawa, sichemshi. Kuhusu kuikamulia ndimu, ikate harufu ya soksi, hakusema neno.