Kuhusu Faili Linalojibu Maswali Niliyokuwa Nikiulizwa Mimi

Tseng Wen-hsiung,
Fundi Mwandamizi, Chumba cha Seva,
Ghorofa ya Tatu, Hsinchu.

Mheshimiwa Mkurugenzi Fang Chun-te,

YAH: FAILI LA MAJIBU

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti ulilofanyiwa upasuaji sasa linapanda ngazi bila kulalamika. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakuandikia kuhusu mengine.

Kama unavyojua, kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyeweka mfumo endeshi kwenye kila seva iliyoingia katika kampuni yetu. Nilisukuma toroli langu lenye skrini na kibodi, nikachomeka flashi, nikakaa kwenye kigoda, mashine ikaniuliza maswali nami nikaijibu. Seva sita kwa siku, nane kama hakuna mkutano. Mwezi wa tatu akaja Bi Liao Pei-shan, mhandisi wa miaka ishirini na sita, akaandika faili moja, halijazi hata kurasa mbili, lenye majibu ya maswali yote. Sasa seva ikiwashwa inavuta mfumo kupitia mtandao, inasoma majibu kwenye faili, inajisakinishia yenyewe na kuanza kazi bila mtu kuigusa. Siku ya kwanza zilikuwa seva arobaini na nane, na Pei-shan alikuwa anakunywa supu ya tambi. Seva zilimaliza kabla ya supu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siulizwi tena. Nyumbani anaamua mke wangu Shu-fen, kazini unaamua wewe, na sipingi. Kitu pekee kilichokuwa kikisimama na kuniuliza, "Je, unataka kuendelea?" kilikuwa ile skrini. Siku hizi linaulizwa faili, ambalo halina hata cheo.

2. Majina. Seva zangu zilikuwa na majina ya shangazi zangu, nao ni wengi. Ukiambiwa Shangazi Yueh-o amekwama, unajua papo hapo ni ile ya kona, karibu na kiyoyozi. Faili linazipa namba. Nilimweleza Pei-shan uzuri wa utaratibu wangu, akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjomba Tseng, na shangazi wakiisha?" Nilimjibu kuwa upo upande wa mke.

3. Zote zinafanana. Zangu kila moja ilikuwa na tabia yake. Pei-shan alizikagua siku mbili, akaja na karatasi. "Mjomba, hizi kumi na moja ziko kwenye saa za Tokyo, saa moja mbele yetu."

"Nilitaka ziwahi," nikamwambia.

"Na hizi mbili zinaandika Kireno."

Bado nasisitiza kwamba fundi akipita mbele ya seva yangu alijua anapita mbele ya nani.

4. Vitafunwa. Juu ya kila seva huwa naweka pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi ili itulie na kutii, kama wafanyavyo mafundi wote wa kwetu. Pakiti huwekwa wakati mfumo unaingia kwenye diski. Sasa kabla sijafungua boksi kazi imekwisha. Pei-shan anasema niweke baadaye. Ni sawa na kumtakia bwana harusi heri akiwa na wajukuu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Miaka kumi na miwili iliyopita nilibonyeza "Ndiyo" kwenye diski isiyohusika, kumbukumbu za shule moja za miaka mitatu zikapotea. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mwalimu mkuu. Badala ya kunifokea alinimiminia chai, na kwa mwaka mzima sikulala vizuri. Tangu hapo, kabla ya kufuta diski, narudi nyuma hatua mbili na kuvuta pumzi. Nilimsimulia Pei-shan habari hii mara moja tu.

Jumanne iliyopita uliagiza seva ya rafu ya tisa, ambayo data yake ilishahamishwa, ifutwe na kuwekwa upya. Nikaandika namba, nikaliamuru faili lifute. Likakataa. Kwenye skrini liliandika: DISKI HII INA KITU. NIMESIMAMA. Nikaamuru tena, likakataa tena. Pei-shan akaja kuangalia. Nilikuwa nimeandika sita badala ya tisa, na kwenye diski ile kulikuwa na picha za eksirei elfu kumi na nne za wagonjwa wa zahanati moja ya Zhudong.

"Umeliandikia nini faili hili?" nikamuuliza.

"Nimeliambia livute pumzi, Mjomba."

Ni kweli picha zilisalimika, na sina ubishi juu ya hilo. Hoja yangu ni ya adabu: mimi ni fundi mwandamizi, na nimekataliwa mara mbili mbele ya mlinzi aliyekuwa mlangoni.

Kwa hiyo naomba toroli langu litolewe stoo. Seva kumi kila mwezi zisakinishwe kwa mkono, taratibu. Faili lifundishwe kuniamkia kabla ya kunikatalia. Na Bi Liao apandishwe cheo hadi ghorofa ya saba, ambako hakuna seva. Ni binti mwema na anastahili.

Nisalimie Bi Fang, wahasibu wote, na mpishi wa kantini, umwambie mayai yake ya Alhamisi, yale ya kuchemshwa kwenye chai, yalikuwa yameiva vizuri.

Wako katika utumishi, nikingoja kuulizwa,

Tseng Wen-hsiung (muhuri)

Tanbihi: Kabla sijaileta barua hii, kimbunga cha juzi kilikata umeme na betri zetu zikashindwa. Seva sitini na mbili ziliamka data ikiwa salama lakini mfumo umeharibika. Pei-shan yuko kwao kisiwani Penghu na meli zimesimama. Kwa mkono ingekuwa kazi ya siku kumi, na zahanati ilikuwa inapiga simu kila baada ya dakika tano. Nililitumia faili, likaweka mfumo upya bila kugusa data. Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa nyumbani. Barua nimeshaipiga muhuri, siwezi kuiandika upya, hivyo naomba uisome kama ya mtu mwingine. Shu-fen alinishika paji la uso, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, nimemaliza kazi. Ilibidi akae chini. Alisema tuna miaka ishirini na minane ya ndoa na hajawahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwangu.