Hatumjui Charo Boi

Kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa pale kibandani kwa Kombe, mtaani Barani, Badi Gazeti alipokunjua ukurasa na kukohoa kama kadhi.

"Wafanyakazi wa majumbani wanataka hili neno 'boi' lipigwe marufuku!"

Macho yote yakamwangukia Charo. Miaka hamsini na mbili, mvi mpaka kwenye masharubu, boi wa Mtaliano mmoja. Akakiinamia kikombe chake.

"Boi kwa Kizungu ni mtoto mwanamume," akasema Stambuli, aliyeishia darasa la tano lakini hakubali. "Sasa Charo, baba yako ni Mtaliano?"

"Mbona tanboi wa lori ana wake wawili?" akauliza Badi.

"Na bichi boi wa kuwinda watalii ufuoni je?" akadakia Stambuli. " Yule si mtoto, ni msiba!"

Kombe akatikisa dele la kahawa. "Padri mmoja alinambia, kwao zamani boi alikuwa mtumishi kwanza, utoto ukaja baadaye. Na asili yake wenyewe wanabishana mpaka leo."

"Neno lao, na hawajui walikolitoa?" Stambuli akaguna. "Na sisi tukalipokea hivyo hivyo!"

Charo hakucheka. "Ndugu zanguni, leo mkwe anakuja kutoka Adu kumposea mwanawe binti yangu Dorcas. Hatujaonana bado. Akipita hapa kuniulizia, nisitirini. Hilo boi lisitajwe."

Utani ukakatika. Kombe akawaapisha wote: atakayelitamka, wiki nzima haonji kahawa. Tangu sasa ni Meneja Charo, basi. Meneja akaenda nyuma ya kibanda kuvaa shati jipya.

Hapo hapo akatokea mzee na bakora yake.

"Hamjambo? Mimi Mwambire, natoka Adu. Namtafuta Charo boi."

Stambuli akawahi kujibu. "Huyo hatumjui, mzee. Hapa yupo Meneja Charo."

"Meneja simtaki! Namtaka yule boi ambaye Mzungu wake huenda Ulaya miezi sita akamwachia funguo zote, na akirudi hakosi hata kijiko. Nyumbani kwa mtu kama huyo ndiko nataka mwanangu aoe."

Badi akamtazama Kombe. Kiapo ni kiapo. "Basi umepotea njia, mzee wangu."

Mzee akashusha pumzi, akageuka kurudi stendi.

Nyuma ya kibanda shati lilikuwa limemkwama Charo kichwani. Akachomoka hivyo hivyo, tumbo wazi, funguo zikilia kiunoni.

"Mkwe! Ngoja, mkwe! Boi ni mimi! Mimi ndiye boi!"

"Mmemsikia?" Kombe akapaza sauti, akikipindua kikombe cha Charo. "Mara mbili! Huyo ni wiki mbili!"