Kamati ya Ustahiki wa Saini

Siku ya Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, kampuni ya kutengeneza lifti iliingia rasmi katika Zama za Saini. Waraka wenyewe ulisema hivyo kwa herufi nene, na ulibandikwa kwenye ubao kwa pini nne. Matangazo mengine yote, hata lile la nini kifanyike moto ukizuka, yalikuwa na pini mojamoja.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa imefunga mtambo wa kompyuta ambao kila baruapepe ikitoka, unaitilia saini chini yake: jina la mtumaji, cheo, namba ya simu na nembo ya kampuni. Mtu haandiki kitu, inajiweka yenyewe. Wiki mbili za mwanzo kila mfanyakazi aliipata, na hapo ndipo nongwa ilipoanza. Dereva aliandikia gereji kuulizia tairi, gereji ikamjibu "Mheshimiwa". Mkurugenzi Mkuu alipopima kwa rula, akakuta nembo ya dereva ina ukubwa uleule wa nembo yake, chakula cha mchana hakikumpita kooni.

Waraka ukaja kuokoa taifa. Saini, ulisema, ni heshima wala si huduma. Wafanyakazi wote wanavuliwa, isipokuwa wakurugenzi, mpaka itakapoketi Kamati ya Kusimamia Ustahiki wa Saini, kwa kifupi KAKUUSA, Mwenyekiti wake akiwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Asiye na saini, baruapepe yake ihesabiwe imetoka kwa mtu asiyejulikana. Na asiwepo wa kupita mlango wa nyuma: amri yoyote kuhusu saini itapokelewa tu ikija kwa baruapepe yenye saini.

Mama Ratiba aliusoma waraka huo amesimama, kikombe cha chai mkononi, akaguna. Jina hilo alipewa na mafundi, maana ndiye aliyewapangia nani aende wapi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefanya kazi hiyo katika chumba cha chini kisicho na dirisha, jirani na stoo ya nyaya. Aliona saini ni urembo tu, waachiwe wenye kuutaka. Hakujua kwamba kabla chai haijapoa urembo huo ungemtoa jasho.

Lifti ya hospitali kuu ilikwama saa nne kasoro. Ilikuwa ndiyo lifti pekee ya kuwapandisha wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji, ghorofa ya tano. Mama Ratiba akatuma baruapepe kama siku zote: mafundi wawili wanakuja, majina yao haya, wafunguliwe geti. Jibu likarudi kwa maneno mawili: mtumaji hajulikani. Akapiga simu.

"Ni mimi, baba. Si unanijua sauti?"

"Nakujua vizuri, mama," akajibu msimamizi wa majengo wa hospitali. "Lakini baruapepe yako imekuja uchi. Haina jina, haina cheo, haina nembo. Wezi wa nyaya wametuchosha, walinzi wameambiwa ikija ya hivyo fundi haingii hata akilia."

"Na wagonjwa?"

"Tunawabeba kwenye ngazi. Watu wanne, machela moja. Fanya hima, mama, migongo imekwisha."

Mama Ratiba alipanda ghorofa ya tatu, palipo na zulia, kwa mkurugenzi wa utawala, ambaye kampuni nzima ilimwita Bwana Utawala. Alimkuta anajaribu saini yake kwa kujitumia baruapepe mwenyewe.

"Dada yangu, nakuelewa kabisa," alisema Bwana Utawala. "Kwa mujibu wa waraka, wewe kwa sasa ni Mtumaji Asiyebainishwa."

"Kwa miaka kumi na minne?"

"Asiyebainishwa wa muda mrefu."

"Basi iandike wewe hiyo baruapepe. Wewe si unayo saini?"

Bwana Utawala akaweka mkono kifuani. "Mimi? Niandike mambo ya lifti? Hiyo itashusha hadhi ya saini, dada."

Kesho yake Mama Ratiba alipokea barua ya mkono, yenye sahihi ya Mkurugenzi Mkuu. Ilimtaka ajieleze, mwisho Jumatatu, kwa nini asiachishwe kazi kwa kushindwa kuwafikisha mafundi hospitali. Aliisoma mara mbili. Nyumbani alikuwa na mabinti wawili shuleni na mama mkwe asiyeona, na aliyeamka kwenda kazini katika nyumba ile alikuwa yeye peke yake. Unga wake ukimwagika, hapakuwa na wa kuuzoa.

KAKUUSA iliketi siku ya Jumatano. Fundi wa kompyuta aliitwa aje awashe skrini. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye kipara, aliyebandikwa jina la Nywila, kwa kuwa kila shida ya kompyuta aliijibu kwa "badilisha nywila". Kamati ilijadili ukubwa wa nembo kwa saa tatu. Ndipo Bwana Utawala akauliza kigezo cha kumpa mtu saini kiwe nini.

Mkurugenzi Mkuu alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Saini," alisema, "apewe yule tu ambaye siku akikosekana, kazi zinalala."

Makofi yalirindima. Kila mjumbe alijiona yeye huyo. Bwana Utawala alilazimika kufuta miwani.

"Na watu wasije wakasema tunapendeleana," aliendelea Mkurugenzi Mkuu. "Mtambo wenyewe uhesabu. Una mahudhurio yetu, una idadi ya lifti zinazotengenezwa kila siku. Uhesabu mwaka mzima, utoe orodha, orodha ijitekeleze Jumatatu. Na pasiwe na rufaa."

"Mzee," Nywila akakohoa, "si tungejaribu kwanza, tuone inatoa majina gani?"

"Bwana, unatilia shaka hesabu?"

"Hata kidogo, mzee."

Kigezo kikatiwa sahihi, nakala yake na ya waraka ule zikapelekwa kwenye Bodi, na Kamati ikaenda kujichimbia katika hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, kutafakari uzito wa ilichokifanya.

Ijumaa mchana Nywila aliingia katika chumba cha Mama Ratiba, akafunga mlango, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama Ratiba, hesabu imetoka. Nipe maji kwanza."

Alikunywa, akafunua karatasi. "Mkubwa mwaka huu hakuwepo siku mia moja na kumi. Siku hizo lifti zilizotengenezwa..." akashusha sauti, "zimeongezeka."

"Zimeongezeka vipi?"

"Mafundi hawaitwi vikaoni. Bwana Utawala awepo asiwepo, ni yaleyale. Mtambo umempa sifuri. Wewe umekosa siku moja tu."

"Nilikwenda kumzika shangazi."

"Siku hiyo lifti kumi na tisa zililala. Orodha ina watu sita. Wewe wa kwanza, dereva wa pili. Mkurugenzi hayumo hata wa dawa! Wataninyonga, mama. Niwachomeke katikati kidogo?"

Mama Ratiba alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikamkauka, maana barua ya kujieleza ilikuwa palepale mbele yake.

"Kaka," alisema polepole, "umeagizwa uiguse orodha?"

"Sikuagizwa."

"Basi usijitie kwenye makosa. Tuheshimu waraka."

Jumatatu saa mbili na robo orodha ikajitekeleza. Saa mbili na dakika ishirini Mama Ratiba aliandikia hospitali, na chini ya maneno yake saini ikajipanga: jina lake, cheo chake, simu, nembo. Geti likafunguliwa. Kabla ya saa tano msimamizi alipiga simu kumwambia kuwa mgonjwa wa kwanza amepanda ghorofa ya tano amelala kitandani kama binadamu. Mama Ratiba akatoa leso, akalia kidogo, akaendelea na kazi.

Wakati huohuo, ghorofa ya tatu, Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameituma kwa Bodi taarifa ya kurasa arobaini juu ya mafanikio ya KAKUUSA. Bodi, ambayo ilikuwa imeusoma waraka wake kwa makini, ilijibu: mtumaji hajulikani. Akawa mbogo. Akamvutia simu Nywila.

"Rudisha saini yangu sasa hivi!"

"Mara moja, mzee. Nitumie amri kwa baruapepe yenye saini."

"Sina saini!"

"Ndiyo hapo sasa, mzee."

Bwana Utawala naye hakuwa nayo. Tangu asubuhi alikuwa akijitumia baruapepe na kukataa kuzifungua, kwa kuwa mtumaji hajulikani. Hakukuwa na njia ila kushuka chini, kwa aliyeongoza orodha. Mkurugenzi Mkuu hakupajua. Alipotelea katika stoo ya nyaya, akamuuliza mfagizi, akafika mlangoni ana vumbi begani.

"Wewe ndiye... Mama..."

"Ratiba. Karibu, mzee. Sogeza hizo nyaya ukae."

Alikaa. "Uniandikie amri kwa yule fundi wa kompyuta."

"Nitaandika. Ila kuna barua yako hapa inataka nijieleze, na mwisho ni leo. Sijui nianze na ipi."

Mkurugenzi Mkuu aliichukua ile barua, akaandika "Imefutwa" kutoka pembe hadi pembe, akatia sahihi na tarehe. Mama Ratiba aliikagua, akaifungia kwenye droo, akauweka ufunguo mfukoni. Tangu Jumanne hakuwa amevuta pumzi ndefu namna ile.

"Haya, mzee. Kigezo kinataka nitaje kazi iliyolala siku ulipokosekana. Niandike ipi?"

Mkurugenzi Mkuu alitazama dari. "Kikao cha robo mwaka."

"Kilifanyika. Kiliisha mapema, watu wakarudi kazini."

"Mahojiano na gazeti."

"Dereva aliwajibu. Walishukuru sana."

Mkurugenzi Mkuu akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi waandikie Bodi tu kwamba mimi ni Mkurugenzi Mkuu!"

"Hilo naliweza," alisema Mama Ratiba, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kwa Bodi. Kuna mzee amekaa ofisini kwangu, anasema ndiye Mkurugenzi Mkuu. Mimi namfahamu kwa sura." Akaituma.

Jibu halikuchukua hata robo saa. "Mama, tunashukuru kwa taarifa. Kwa kuwa unamfahamu, mweleze kuwa suala lake tumelipeleka KAKUUSA. Asubiri Mwenyekiti aitishe kikao."

Mkurugenzi Mkuu akainuka. "Mwenyekiti si ndiye mimi!"

"Basi kiitishe, mzee," Mama Ratiba akamwambia, akinyoosha mkono kupokea simu iliyokuwa ikilia. "Kwa baruapepe."