Banda la Mama na Uongo wa Miwani

Jumatatu, 2 Machi
Barua imefika. Jirani yetu ni fundi saa; wakili wake, ambaye mimi namwita Miwani, anadai hatujawahi kutumia kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Hatujawahi! Banda la kuku la Mama limesimama pale miaka ishirini na miwili. Tukinyang'anywa, mlango wa jiko utatazama ukuta, na Mama hatakuwa na pa kufugia. Uongo wa mchana kweupe! Mama kaisoma mara moja, kaikunja, kaenda kulisha kuku. Mimi hata usingizi wa mchana umenipita.

Jumanne, 3 Machi
Binti wa shangazi ndiye wakili wetu. Kasema hakimu atakuja Ijumaa kujionea mwenyewe, na tusiguse kitu. Kasema mara tatu. Sijui kwa nini alikuwa ananitazama mimi tu. Jioni nikalizunguka banda. Aibu! Limeinama, mbao zimeoza, bati limetoboka. Hakimu gani atawaamini watu wenye banda kama lile?

Jumatano, 4 Machi
Mama kaenda kwa dada hadi kesho. Nimebomoa lote. Mbao nimezichoma, aibu isibaki. Kuku wamehamia chumbani kwangu. Jogoo kajimilikisha kitanda, naye hana hata wakili.

Alhamisi, 5 Machi
Banda jipya! Rangi ya kijani, bawaba mbili, na juu ya mlango nimeandika kwa burashi: TANGU ZAMANI. Miwani atakoma! Mama karudi, kalitazama, kaketi juu ya ndoo. Kaniuliza lake liko wapi. Nikamwambia. Akasema mwanangu, umetumaliza. Hakula. Niliumia moyoni, nakiri, karibu saa nzima.

Ijumaa, 6 Machi
Hakimu kaja na karani. Miwani akauliza banda lina umri gani. Nikajibu kwa sauti: miaka ishirini na miwili! Akaligusa, akamwonyesha hakimu kidole. Kijani. Karani alikuwa ameshaliegemea, na mgongo wa koti lake nao ukatoa ushahidi. Binti wa shangazi akafumba macho.

Ndipo Mama akamwuliza fundi saa uzio wake una miaka mingapi. Akajibu kumi na mitano. Mama akauliza mbona basi umepinda hapa, ukalizunguka banda, kisha ukanyooka tena. Ulikuwa unakwepa nini, jirani? Fundi saa akatazama viatu vyake. Miwani akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakimu akaandika sana. Kasema atarudi Jumatano na mpimaji, aipime hiyo kona, ndipo aamue.

Jumapili, 8 Machi
Mama anacheka tena. Binti wa shangazi kasema kona ile ndiyo imetuokoa, na mimi nikae mbali na kila kitu. Nimekubali.

Ila leo nimeukagua ule uzio. Umepinda vibaya! Mpimaji mzima aje na vifaa vyake, akute mpaka wetu uko hivyo? Nimemweleza fundi saa. Hakubisha hata kidogo. Kaniazima nyundo na koleo, na Miwani kaahidi kuja mwenyewe kunishikia kamba. Kumbe ni watu wema! Kufikia Jumanne jioni utakuwa umenyooka kama rula.