Mlango wa Baba na Mchezo wa Noeli wa Kwamduma

Kwamduma, njia ya Kiwangwa,
Novemba 1953.

Kwa Mwalimu Anselmi,
Mwandaaji wa Tamasha la Noeli la Shule ya Kwamduma,
Bagamoyo mjini.

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu na ina lawama ndani yake. Sisi huku hatujambo. Mihogo imekubali, mama anaumwa magoti kama ilivyo kawaida yake, na mimi afya ninayo. Kinachonisumbua ni heshima yangu, ambayo uliichukua nikiwa mtoto wa miaka kumi na moja na mpaka leo hujairudisha.

Nimesikia kwamba mwezi ujao utapanda tena kuja kutuandalia tamasha, na kwamba mchezo ni ule ule: Yusufu na Bibi Mariamu wanafika Bethlehemu wamechoka, mwenye nyumba ya wageni anawafukuza, wanakwenda kujifungulia zizini. Mwenye nyumba huyo, kama umesahau, nilikuwa mimi, Kibwana bin Mwinshehe, miaka minne mfululizo, wakati wa vita. Kwa adabu zote ninazozijua, na nyingine ulinitia wewe mwenyewe kwa bakora, naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuchaguliwa kwangu. Hukunichagua kwa tabia. Ulitupanga nje ya darasa ukamwamuru kila mmoja apaaze sauti aseme, "Nyumba imejaa, nendeni mbele." Yangu ilimwamsha bibi mmoja aliyekuwa amelala barazani kwake ng'ambo ya uwanja, nawe ukafurahi. Mtoro, ambaye uchoyo wa kwao ulijulikana mpaka Lugoba, ukampa kuwa Yusufu kwa sababu ana uso wa huruma. Hapo ndipo dhuluma ilipoanzia.

Karibu darasa zima tulikuwa Waislamu, na jambo hilo halikumkera mtu. Bibi Mariamu tunamjua, mwanawe tunamjua, na wazee walikuja kutazama kwa heshima, kofia kichwani. Ila katika habari zake tulizosomeshwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mwenye nyumba ya wageni hayumo. Kwa hiyo wazee wa Kwamduma walimwona mtu huyo kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na alikuwa na uso wangu.

2. Mlango. Shule yetu ilizibwa kwa makuti, haikuwa na mlango wa kumfungia mtu. Ukaja kwetu, ukakaa barazani, ukala muhogo wa baba yangu, kisha ukamwomba mlango wa nyumba kwa ajili ya hadithi ya wageni. Hukusema zaidi ya hapo. Wewe ulijua nyumba yetu ni nyumba gani. Watu waliotoka Msata kwa miguu kwenda Bagamoyo walilala kwetu, na hakuna aliyeulizwa atokako mpaka ashibe. Baba aling'oa mlango kwa mikono yake, akautwika kichwani mpaka shuleni, na njia nzima aliwaambia watu kwamba mwanawe anakwenda kukaribisha wageni mbele ya kijiji.

Nyumba yetu ililala wazi siku mbili. Baba alisema haina neno, aliyekuwa anataka kuingia alikuwa anaingia siku zote.

3. Siku yenyewe. Mwaija, mjukuu wa Bi Ashatu mkunga, ndiye aliyekuwa Mariamu, amefungwa mto tumboni kwa kaniki ya bibi yake. Sisi wengine tulivaa magunia, maana nguo ziliadimika. Mwaija akajikokota na Mtoro mpaka mlangoni, Mtoro akapiga hodi, nami nikasema maneno yangu yote kwa sauti uliyoipenda, nikafunga.

Kisha Bi Ashatu akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake, polepole, kwamba mimba ile imeshashuka, mtoto yu njiani, na huyu kijana wa Mwinshehe amepatwa na nini leo. Mwanamke mmoja akawaita wageni waende kwake, ana kitanda. Mwingine akasema kwake ni karibu zaidi. Ndipo baba akasimama akasema, "Kibwana, fungua mlango."

Nawe, nyuma ya pazia la gunia, ukaninong'oneza, "Usifungue."

Mwalimu, nakuomba uipime hali hiyo kwa haki. Baba yangu mbele, mwalimu wangu nyuma, na bakora iko kwa mwalimu. Sikufungua. Baba akaja mwenyewe, akaufungua mlango wake, akamshika Mtoro mkono, akamwambia, "Karibuni ndani. Mwanangu ana homa, msimsikilize." Wakaingia, wakaletewa maji ya kunywa, na mchezo ukafia hapo. Wachungaji walibaki zizini wakimngoja mtoto ambaye sasa angezaliwa kwingine, na nyota yako ya bati ikaning'inia juu ya majani matupu. Wewe uliiita aibu. Mimi naamini ndiyo Noeli bora kuliko zote zilizopata kuchezwa Kwamduma.

4. Baba yangu. Mwaka wa pili ulikuja kuuomba mlango tena. Hakujua kunyima, akakupa. Safari hii ulimweleza kwamba ni hadithi tu, na kwamba wageni wasipofukuzwa hadithi haiendi. Akakubali. Lakini tangu siku hiyo, kila mwaka, maneno yangu yakikaribia, baba aligeuza kiti chake akatazama barabara mpaka nimalize kusema. Nilikuwa namwona mgongo kupitia ufa wa mlango. Haya mengine naweza kuyacheka, hili linaniuma. Alifariki mwaka juzi, na hakuwahi kuniona nikiufungua mlango ule.

5. Zawadi. Mtoto akishazaliwa zizini, wanawake walisimama kumpongeza mzazi kama ipasavyo: mayai, unga wa uji, pilipili manga, na mwaka mmoja kuku jike mwenye afya. Mwaija alirudi kwao amejitwisha. Hata Mtoro, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama tu, alipewa kofia. Mimi nilirushiwa maganda ya machungwa, na aliyeyarusha ni shangazi yangu.

6. Jina. Naitwa Nyumba Imejaa. Nikipeleka mananasi Kiwangwa, wanunuzi wananiita Nyumba Imejaa. Nikitaka kupanda lori, utingo ananiambia limejaa, niende mbele, na lori tupu. Msikitini watu hujibana kunipa nafasi, halafu hutazamana.

7. Posa. Mwezi uliopita ami yangu alikwenda na wazee wenzake kuniposea Mwaija. Bi Ashatu aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, akasema mjukuu wake hana neno juu yangu. Ila yeye kama mkunga, na kama bibi, hawezi kumtoa binti kwenda kwenye mlango uliokwisha kumfukuza mara nne akiwa mjamzito. Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Amesema atafikiri, na bado anafikiri, na mimi sili.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Katika tamasha la mwaka huu, mwenye nyumba afungue. Mwenye nyumba huyo niwe mimi, mara hii moja tu, pamoja na ndevu zangu. Kabla ya kuanza, usimame mbele ya watu wote, na hasa mbele ya Bi Ashatu, utamke kwamba maneno ya kufukuza wageni uliyatunga wewe na ukanitia mdomoni. Kama hadithi haiwezi kwenda bila zizi, basi wageni waingie kwanza, wale, wapumzike, kisha mwenye nyumba awashauri kwamba zizini kuna upepo mzuri zaidi. Na kama ni lazima mtu afukuzwe ndipo watu waone raha, mfukuze Mtoro.

Ukikataa, ujue kwamba mlango ule sasa ni wangu. Sitauazima. Utawafukuza wageni wako kwa pazia.

Nimalizie kwa kusema kwamba kufukuza mtu hakumo katika damu yangu. Muulize yeyote aliyepita njia hii. Tangu nizaliwe, nje ya mchezo wako, sijapata kumwambia binadamu kwamba nyumba imejaa.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako. Msalimie padri, na yule mpishi wa misheni aliyekuwa akitugawia ukoko wa wali baada ya mazoezi. Wasalimie wanaoniulizia habari zangu, na wasioniulizia pia wasalimie, huenda wakaanza.

Ni mimi mwanafunzi wako, ambaye hajakusahau ingawa amejaribu,

Kibwana bin Mwinshehe.

Tanbihi. Nilikuwa natafuta bahasha. Lori la Bwana Hamoudi, ambalo ndilo lingekuletea barua hii, lilikwisha sikika likipanda kilima, na bahasha siioni. Mara mlango ukapigwa hodi. Sikuinua kichwa, Mwalimu. Nikasema, "Nyumba imejaa, nendeni mbele."

Kwa sauti ile ile. Nami nyumbani niko peke yangu, mama yuko kwa jirani anakandwa magoti.

Kisha nikamsikia Bi Ashatu akisema, "Si nilikwambia?" Walikuja kumjulia hali mama, ndivyo wanavyosema watu wanapokuja kuitazama nyumba ya anayeposa. Na Mwaija akajibu, "Basi, bibi, twende zizini."

Wamekwenda kweli. Nawaona kupitia dirisha la nyuma. Bi Ashatu ameketi juu ya kinu kilicholala, kati ya mbuzi wangu, amejifunika mdomo kwa kanga, sijui anacheka au ananiapiza. Mwaija anawalisha mbuzi majani ya kunde, lakini macho yako kwenye nyumba. Kitambo sasa wamekaa hapo. Nakuandikia wewe kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kutoka nje.

Malalamiko yote nayafuta, la kwanza mpaka la saba. Maneno yalikuwa yako zamani, leo hakuna aliyeninong'oneza. Andaa mchezo wako upendavyo, na mlango utaupata, baba asingekunyima.

Nina swali moja tu. Yule mwenye nyumba, baadaye, alipata kutoka akawafuata zizini? Hukutufundisha. Nikishafunga tu, ulikuwa unanivuta nyuma ya pazia, sikuwahi kuona kilichoendelea.

Lori limepita, barua itangoja la kesho. Mimi nakwenda kuwaita. Mlango wa baba nimeuacha wazi.